Mpira Ndani ya Jezi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa, na dada anakupeleka kliniki bila ya kugombana njiani. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyo ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana kwenye simu ukianza kucheka tu mimi nanywea, na mara hii sitaki kunywea.

Kifurushi chako kilifika Jumatano. Tumeviona vikofia vitatu vya sufu, vya njano kwa kuwa hujui ni wa kike au wa kiume, na kile kikaratasi ulichoandika kwamba mwisho wa mwezi unakuja kukaa nasi hadi mjukuu azaliwe. Mama, kama umesimama, keti kwanza. Hakuna mtoto. Usidhani mimba imeharibika. Haikuwahi kuwapo.

Ngoja nikueleze ule mpira ulioniona nao tumboni kwenye televisheni. Mwenye mke mjamzito ni kipa wetu. Siku ile, tukiwa chumbani tunavaa, alitusihi kwamba yeyote atakayefunga autie mpira ndani ya jezi, uwe kama mimba, kwa niaba yake, kwani akingoja afunge yeye, mtoto atazaliwa, atakua, ataoa, na yeye bado anangoja. Tulicheka mpaka kocha akaja kutufokea. Mimi nilicheka kuliko wote. Beki mwenye magoli mawili katika miaka saba, ahadi kama ile hainihusu ndewe wala sikio.

Basi ikaja ile kona ya dakika za mwisho. Sijui niliruka vipi. Nilipoona wavu umetikisika, akili ilinihama, nikauokota mpira, nikautia tumboni, nikakimbia na kidole gumba mdomoni kama zuzu. Nilikuwa naelekea golini kwetu nimwonyeshe kipa, lakini wenzangu waliniangusha katikati ya uwanja na kamera ikaganda juu yangu. Mtangazaji akapiga kelele kwamba Kitinda anatarajia kuwa baba. Nawe ukasikia.

Kabla sijatoka kuoga, ulikuwa umeshampigia mke wangu. Nilimkuta nyumbani ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mapajani. Akaniambia umemwita “mwanangu”. Miaka sita ya ndoa, Mama, hukuwahi kumwita hivyo. Alikuwa “huyo wako”, na siku ya harusi ya dada ulisema mbele ya shangazi zangu wote kwamba nimeoa pambo la sebuleni. Nilimuuliza kwa nini hakukukatalia palepale. Alisema neno lenyewe lilikuwa tamu, akaona alionje kidogo, kesho atakwambia. Kesho ikawa kesho kutwa. Nami nikamwachia yeye, kama nilivyozoea.

Tangu hapo sina raha. Nikigusa mpira tu, jukwaa zima linabembeza mikono kama linalaza mtoto. Kipa ananinunia ati nimemnyang'anya mimba yake. Yeye anatania, lakini mkewe hatanii. Jumapili tulishinda tena, wenzangu wakaenda kucheza mbele ya mashabiki, mimi nikaenda kuvua viatu. Kocha aliniuliza naumwa nini, nikasema nyonga.

Sasa lile lenyewe. Zile dawa ulizokuwa ukimtumia, vile vijembe, ile siku uliponivuta pembeni ukanishauri nimrudishe kwao nitafute mwingine... Mama, si yeye. Ni mimi. Miaka mitatu iliyopita tulipimwa wote wawili, na yeye hana tatizo lolote. Daktari alisema mimi siwezi kuzalisha, huenda ni kwa sababu ya yale matubwitubwi niliyougua nikiwa na miaka kumi na mitano, ukanikanda mashavu wiki nzima. Huna kosa hapo, wala usijitafutie. Kosa ni langu, na lilianza siku ile tulipotoka hospitali, nilipomsihi mke wangu asimwambie mtu. Niliogopa vinywa vya wachezaji, nikaogopa mashabiki, na wewe nikakuogopa zaidi. Akakubali. Ukamsema mezani, akaitikia ndiyo mama, nami nipo palepale natafuna, sikuinua hata uso. Watu wananilipa nisimame mbele ya mashuti, na nyumbani kwangu nimejificha nyuma ya mke.

Uliniita Kitindamimba kwa mapenzi, kwa kuwa ndimi wa mwisho tumboni mwako. Wenzangu wakalikata jina, mashabiki wakaliimba. Kila wakiliimba nasikia kile alichosema daktari.

Njoo mwisho wa mwezi kama ulivyopanga, nitakuja kukupokea mwenyewe kituoni. Vile vikofia nilitaka kumpa kipa, mke wangu akakataa, akaviweka kwenye droo yake. Hasira zako zote nipe mimi, nitazipokea. Ila mlango ukifunguka, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukupokea mkoba, kama kawaida yake. Sikuambii umtake radhi, wewe ni mama. Nakuomba tu umwite vile ulivyomwita kwenye simu.

Msalimie sana dada, na mwambie goti halina haraka, aendeshe taratibu. Mkweo angekusalimu, lakini hajui kama nimekuandikia. Angejua angenizuia, kwa kunionea huruma.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba