Pale Ngamia Mweusi Alikataa Kuinuka

Abba, baba yangu, salaam aleikum.

Nisamehe. Miezi saba tangu wakuzike Isiolo, na hata mstari mmoja sijakuandikia. Nikishika kalamu mtoto analia, nikimbembeleza alale, nalala mimi kwanza. Naandika Kiswahili kwa sababu shule haikunifundisha kuandika Kiborana. Wewe Kiswahili ulikitumia kununua betri za tochi na kugombana na polisi wa kizuizi, kwa hivyo utaelewa.

Mto ulikuja baada yako. Haukufuata njia yake. Ulivunja ukingo hapa juu ya Sericho, ukalala kwenye uwanda kama mgeni asiyejua kuaga, na ulipoondoka uliacha mchanga kila mahali. Visima vyetu vyote vya kwenye mkondo wa laga vimefukiwa. Hata ukingo wenyewe siutambui.

Sasa laga ni kavu tena, na mjukuu wako Kabale kila asubuhi ananiuliza, "Mama, maji imeenda wapi?" Namwambia imeingia chini. "Huko chini inafanya nini?" Abba, inafanya nini? Sikuwahi kukuuliza. Mbona kwenye kisima chako ilikuwa tamu, na ukisogea kidogo tu chumvi inauma ulimi?

Sisi tunakunywa ya chumvi. Huyu mdogo anaharisha wiki ya pili. Na mzee anayepanga zamu za kunyweshea amesema kisima chako kisipofunguliwa kabla mwezi mwingine haujaandama, mahali pale watapewa watu wengine. Simlaumu. Ni desturi, na ngamia wao pia wana kiu.

Kaka Guyo alinipigia simu kutoka Wabera, huko mjini Isiolo. "Dada, achana na mashimo. Njoo mjini, maji iko kwa mfereji." Nikamuuliza, iko kila siku? Akasema, "Jumanne na Ijumaa." Huyo ndiye kijana wako.

Basi nikachukua sepetu. Maneno yako ya kukipata kisima nayajua kama sala: "Toka pale ngamia mweusi alikataa kuinuka, fuata kichwa chake, hatua arobaini." Na mimi nilimwona akikataa! Nilikuwa darasa la sita, ulimvuta, ulimtukana, ukamwombea dua, akabaki anatafuna tu. Nikaenda pale pale, nikahesabu, nikachimba siku tatu, mtoto akiwa kivulini chini ya shuka. Nilifika kina cha kunifunika kichwa. Mchanga ulikuwa mkavu kama unga.

Binamu Dida akapita na mbuzi wake, akachungulia. "Hongera dada, umechimba choo."

Nilicheka, Abba. Halafu kicheko kikageuka, nikakaa humo ndani mpaka kikaisha.

Mama Shamo ndiye alinitoa. Jirani yetu huyo hacheki na mtu. Akaniuliza, "Mweusi yupi? Baba yako alifungua kisima kile kabla hajaoa. Huyo wako wa darasa la sita ni mjukuu wa mweusi mwenyewe." Yeye aliolewa huku baadaye, hakumwona. Waliomwona akipiga magoti wote wamekwenda, wewe ukiwa wa mwisho.

Unaona ulichonifanyia? Nchi nzima ulinielekeza hivyo. Pale fisi alizaa. Pale yule Mturkana alitupa chai. Pale mvua ilitugeuka. Nilidhani unanipigia hadithi ili nisichoke kutembea, kumbe ndiyo ilikuwa njia yenyewe. Na mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, sikuuliza hata mara moja: lini?

Mjini siendi. Kesho narudi na sepetu, na nakuahidi Kabale atajua kisima hiki kwa jiwe na kwa kilima. Ngamia nitamwongezea tu kwa sababu anawapenda.

Kwaheri, Abba. Mungu akulaze mahali pa baridi. Ukinijia ndotoni usilete baraka nyingi, nina haraka. Nitumie haya tu: huyo mweusi wa kwanza alipiga magoti ng'ambo hii ya laga au ile; kichwa chake kilitazama jua linakotoka au linakozama; na hizo hatua arobaini, ni za miguu yako ya ujana, au ulizihesabu baada ya ule mmoja kuvunjika.