Mama Mkwe Anatakiwa Mwandoya

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimebanwa na jambo jema na sijui kama umewahi kuletewa la namna hii. Tangu biashara ya pamba ifunguliwe mume wangu Joakim hushinda vijijini na wanunuzi binafsi, mimi nauza mitumba sokoni, na binti yetu Milembe alikuwa amekonda hadi majirani wakaanza kunitajia waganga, ndipo mama mkwe wangu Nyanjige akaja kukaa nasi hapa Somanda. Yeye alisoma kwa masista hadi darasa la nne, enzi ambazo wasichana wenzake walikuwa machungani. Siku aliyofika alimkuta Joakim anakula mayai peke yake, maana kwetu mtoto hapewi, eti atakuwa mwizi. Akaisogeza sahani kwa mjukuu. "Ng'wanawane," akamwambia mwanawe, "wewe nilikulisha mayai. Umeiba nini?" Mimi na darasa langu la saba nisingethubutu.

Sasa Milembe anakimbia, nguo zinambana, nami nampenda mama huyu kuliko ninavyoweza kumwambia. Lakini Mahona, kaka yake Joakim aliyeko Mwandoya, ameleta habari kwamba mwanawe naye hakui, anamwomba mama aende. Nimemsihi Joakim akatae. Mama akiondoka, mtoto wangu si atarudi kule kule?

Violeth, Bariadi

JIBU

Violeth mwanangu, pole, na hongera. Wenzako wananililia niwaambie jinsi ya kuwafukuza mama wakwe, wewe unamgombania wako. Shukrani yako nimeipenda, uchoyo wako sikuupenda. Yule wa Mwandoya naye ni mjukuu, na anazidi kukonda wakati wewe unanunua stempu.

Hebu niambie, Nyanjige anapika nini usichokijua? Uji wa karanga unaujua, yai unalijua. Ulichokosa ni ulimi, na njia umeshafunguliwa. Chakula kikiiva mtengee Milembe kwanza, halafu tulia uone kama Joakim atabisha neno la mama yake. Ukienda sokoni, nenda na mtoto, na kibakuli chake.

Tena umeniandikia anachotaka Mahona na unachotaka wewe. Mama mwenyewe hukumwuliza. Leo mwamkie vizuri, mpe kiti, mwulize. Akisema anakwenda, usimlilie. Mchinjie kuku, mfungie karanga, mshukuru kwa mdomo wako asikie, kisha msindikize mpaka kwenye gari.

Na Mahona mpelekeeni salamu: ajiandae, sahani yake ya mayai itasogezwa kwa mtoto.