Ntumba za Mama na Neno la Isaya

Mume wangu Deo, mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Mollo. Sote wazima. Baba yako amemaliza kuezeka kanisa. Ufipa nzima sijaona aliyezaa fundi kama wangu.

Unauliza kama nabii Isaya alimjua Yesu kweli, au watu waliunganisha maneno baadaye. Niliishia darasa la saba, ila hili nina jibu lake.

Soko huria lilipoingia, mbolea ikapanda bei, tukashindwa kununua. Nilikuwa nimembeba baba yako tumboni, nikihofia mtoto atakula nini. Mama yangu akarudia ntumba, matuta yetu ya kufukia majani yaoze. Kaka akamtania, "Mama, nyasi umezizika, matanga lini?"

"Msimu ujao, na wewe utakula," akajibu.

Mama alifariki kabla ya mvua. Tulisambaza zile ntumba, tukasia ulezi, ukatufika kiunoni. Baba yako alianzia uji wa ulezi huo.

Mama hakuuona ulezi, wala hakujua mtoto ataitwa nani. Lakini alijua anazika nini, na kwa ajili ya nani. Nadhani Isaya naye alikuwa hivyo, mjukuu wangu. Alilifukia neno la mtoto atakayezaliwa, akalala akimwamini Mungu wa mvua. Sisi ndio tunaokula.

Bibi yako, mama wa fundi