Nyayo Bapa za Twiga

Chumba cha nyuma, karakana ya viatu,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Salamu tele kutoka kwangu. U hali gani wewe na shemeji? Goti limetulia, au bado linakusumbua kwenye ngazi? Sisi huku wazima. Mimi nazidi kunenepa na kupendeza, majirani wanaona kijicho.

Sasa habari za binti yako, na usishtuke, zimeishia pazuri. Twiga wetu alifaulu mbio na kupanda kamba kule zimamoto alikoomba kazi. Kisha mpimaji wao akamkanyagisha sakafu kwa miguu iliyolowa, alama ikatoka nzima kama sahani. "Nyayo bapa. Lete cheti cha mtaalamu kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine." Mtoto alirudi hapa, chakula hakugusa.

Mimi nikasema, haya si ndiyo mambo yangu? Miaka ishirini na sita kwenye viatu, nimewavalisha mabaharia wa bandari saba! Nikamkatia soli za ndani za ngozi ngumu, zimeinuka katikati kama kilima, nikamwambia akimbie nazo. Siku ya tatu anachechemea.

Jumatano tukaenda kwa tabibu wa miguu. Nilitegemea mzee mwenye miwani, kumbe msichana mdogo tu, nikajiandaa kumfundisha kazi. Dada, hakunipa nafasi! Alianza na viatu, akavigeuza, akatazama soli ilivyolika. Akapiga magoti nyuma ya Twiga kuangalia visigino. "Simama kwa vidole." Twiga akapanda, na pale pale upinde ukajichora chini ya unyayo, visigino vikaingia ndani. Nilishika mdomo. Akamkunja kifundo, akabonyeza huku na huku, "Hapa panauma? Na hapa?" Kisha mguu mmoja mmoja, panda, shuka, mara ishirini na tano. Twiga hata jasho hakutoa.

"Miguu yake bapa, lakini inakunjika vizuri na ina nguvu," akasema. "Haina ugonjwa. Kinachomuumiza ni hizi soli. Nani alizitengeneza?"

"Fundi mmoja hivi," nikajibu.

"Mjomba!" Twiga alicheka mpaka akashikilia kitanda.

Tabibu wala hakunicheka. Alizipapasa zile soli, akasema, "Mshono safi sana, fundi. Ila siku nyingine mtazame mtu akisimama kwanza." Nimezunguka dunia, lakini mtu wa kunisahihisha nikatoka nimevimba kichwa, sijamwona mwingine. Sasa kila mteja wangu anasimama kwa vidole kabla sijashika mkasi. Wananiona nimerukwa na akili.

Alhamisi mpimaji alikisoma cheti cha tabibu mara mbili, akampa Twiga sare. Jana ameenda kambini. Kabla hajatoka nilizikagua buti zake nje na ndani, vidole vikiniwasha, nikamrudishia kama zilivyo.

Msalimie shemeji, wifi yako mshonaji, na mdogo wetu dereva wa kreni. Mungu awafunike kwa heri zake, awazidishie vicheko.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kupita ninavyojua kuandika,

Fundi