Zebaki Jikoni kwa Mogesi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimekula kwa kaka Mogesi, Turwa. Wenzake wa duarani, kwenye shimo lao la dhahabu, walikuwepo, Machage na Heche. Duara lao ni jiwe tupu tangu Pasaka. Machage akanichokoza: hiyo fizikia ya mwalimu imejaza sufuria ya nani? Wakacheka.

Mimi na mdomo wangu! Nikawapa somo la leza. Kidonge kama punje ya ulezi, ndani yake haidrojeni nzito. Leza zinakipiga kutoka pande zote, joto kali mno, viini vinaungana, nyutroni zinachomoka. Na nyutroni hizo zikiigonga zebaki, kiasi fulani kinaweza kugeuka dhahabu.

Machage aliacha kutafuna. Nilijisikia mtu!

Sikusema jengo la leza hizo linazidi uwanja wa mpira. Wala kwamba dhahabu yenyewe usingeiona kwa macho. Ningeharibu utamu.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Mogesi kapiga simu nikiwa darasani. Leza ziwe ngapi? Nikasema nyingi, nikakata. Nilidhani ananitania.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Hatanii. Kanunua tochi za leza mpakani Sirari, zile za kijani za kuchezea, kazifunga kwa waya kuzunguka karai. Ndani ya karai, zebaki yote waliyokuwa wanakamatia dhahabu. Na karai liko jikoni, anapopikia wifi yangu Wegesa. Mjamzito, tumbo limeshashuka.

Mogesi akaniita mbele ya wenzake. "Mwalimu, kagua. Zote zinapiga katikati?"

Nikasema ndiyo.

Ndiyo! Hapo hamna nyutroni hata ya dawa, na mimi nasema ndiyo. Lakini alikuwa anatabasamu. Baba alipofariki, huyu ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome. Nimwambie mbele ya Machage kwamba kusoma kwangu kumemfanya kichekesho? Nikajipa moyo: tochi za watoto, zitamchosha mwenyewe. Nikaaga haraka.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane, shule imefungwa. Ningeweza kwenda Turwa kumweleza akiwa peke yake. Nimefua nguo. Hata zilizokuwa safi.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Naandikia kwenye benchi la hospitali.

Mogesi alipiga alfajiri. Wegesa anakohoa hana pumzi, kifua kinambana, mdomoni anasikia ladha ya chuma. Nikauliza amefanya nini. Akasema leza peke yake zilikuwa haziivishi. "Si ulisema joto kali?" Basi akalibandika karai zima juu ya mkaa, mlango na dirisha akafunga, watu wasione. Yeye akatoka nje kulinda. Wegesa ndiye aliyekaa ndani kuchochea.

Mvuke wa zebaki! Kila mwaka nawaonya wanafunzi. Kaka yangu sikumwonya. Mwalimu gani mimi?

Daktari alitoka akauliza: zebaki kiasi gani, na kwa muda gani? Alisema anahitaji kujua ili ajue la kufanya, kuna roho mbili mle ndani. Nikafungua mdomo. Mogesi akaniwahi. Alikuwa anachoma dhahabu tu, akasema, zebaki kidogo, kama wachimbaji wote. Kosa ni lake. Daktari akamfokea kama mtoto, akaandika "kidogo", akarudi ndani.

Kidogo! Karai zima!

Nami nimekaa, kanga za wifi mapajani.

Mogesi kaniinamia sikioni. "Usiogope, sikukutaja. Sasa niambie, mwalimu, tulikosea wapi? Joto halikutosha?"

Wegesa anakohoa tena. Mlango wa daktari uko wazi, hapo tu mbele yangu. Najua ninachotakiwa kusema. Ninyanyuke. Ninyanyuke sasa hivi.

Bado naandika