Ziwa la Tatu, Kabla Njia Haijafunguliwa

Kwa Kaka Mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na wajukuu. Natumaini hamjambo, na kile kikohozi chako kimetulia. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limevimba kama boga. Najua umeshatabasamu na kusema ulinionya. Tabasamu, lakini soma hadi mwisho.

Ndiyo, nilipanda milimani kwenye yale maziwa matatu, wiki tatu kabla njia haijafunguliwa. Mlinzi wa lango aliniambia barafu bado ipo, na kwamba mama wa umri wangu angefaa kusubiri msimu. Nikamjibu asubiri yeye kwa niaba yangu. Alicheka, akaniandika daftarini.

Begi la mgongoni nililishona mwenyewe. Miaka arobaini kwenye cherehani, halafu fundi mzima nikaumbuka: mikanda niliipima nikiwa na blauzi, nikasahau kwamba huko juu nitavaa koti zito. Mteja akija kupimwa koti akiwa na kishati chepesi, mimi ndiye wa kwanza kumfokea! Pale ziwa la kwanza nilikaa juu ya jiwe, nikafumua mikanda na kuishona upya kwa mkono, vidole vimekufa ganzi. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mto unaotoka ziwa la pili ulikuwa umefurika. Niliuvuka kwa fimbo, maji yakinifika mapajani. Hapo niliogopa, Kaka, sikufichi, na ng'ambo nililia kidogo. Kisha nikakamua soksi nikaendelea.

Ziwa la tatu nililifikia siku ya tatu, adhuhuri. Maji yalikuwa meusi, na vipande vya barafu vikigongana taratibu ukingoni. Nilikaa saa nzima, na hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Sasa nikwambie ukweli. Nilipokuaga nilisema nafuatana na rafiki yangu muuguzi. Hakuja, wala sikumwomba. Nilikwenda peke yangu. Tena nilikuficha alichosema daktari: goti litapasuliwa Jumanne ijayo, na huenda lisikunjike tena. Ningengoja msimu, nisingefika kamwe. Uongo huo siutubu.

Kasirika utakavyo. Kile chumba mlichonipakia rangi ili nihamie kwenu nizeekee hapo, na kengele ambayo wifi ameiweka kando ya kitanda ili niite nikitaka maji, mpeni mtu mwingine. Nikitoka hospitali narudi kwangu. Cherehani nitaikanyaga kwa mguu wa kulia.

Lakini Jumanne njoo, Kaka. Naogopa kisu kuliko nilivyoogopa ule mto. Njoo ukae nami kabla hawajaniingiza, unishike mkono, na usinipangie maisha.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, niliyetimiza miaka sitini na mmoja.