Kibao Shingoni mwa Neema

Alhamisi, Ipogolo

Bado nina hasira. Tangu muhula uanze nawaacha wanafunzi waongee Kiingereza wawili wawili, wakikosea bila kuchekwa. Leo Neema, ambaye hajawahi kufungua mdomo darasani, alisimama akaeleza kwa Kiingereza jinsi mama yake anavyouza nyanya barabarani. Alikwama kwenye neno moja, akamwuliza mwenzake kwa Kihehe.

Mwalimu wa taaluma alikuwa dirishani. Akaingia na kile kibao wanachovishwa wanaosema lugha ya nyumbani, akamtundikia shingoni.

"Hapa ni Kiingereza tu!"

Nilikivua mbele ya darasa zima.

"Madam, unanivunjia heshima?"

"Samahani, Mwalimu. Lakini huyu alikuwa ameanza kuongea."

Kesho naitwa kwa mkuu wa shule. Naogopa kuhamishwa, nisijidanganye.

Baada ya vipindi nilimwita Neema, nikamwambia hakukosea, aendelee vilevile. Nilimwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kihehe changu kibovu. Aliinamisha kichwa, akaondoka. Hakunijibu kwa lugha yoyote.